Mbwa wa Saa Tisa na Nusu

Kila siku akirudi shule, Uzi aliweka mkoba kitini, akamjazia mbwa bakuli la maji, kisha akaketi barazani na daftari lake la hesabu. Jina la Uzi alipewa na babu yake, fundi cherehani, kwa wembamba wake. Babu alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Tangu hapo alasiri za nyumba ile zilikuwa kama usingizi: mapazia yalipumua taratibu, na vumbi lilielea kwenye mwanga kama lisilojua pa kutua.

Halafu Kishindo, mbwa wa babu, alisimama langoni na kubweka mpaka sauti ikamkauka.

Ng'ambo ya ukuta aliishi muuguzi wa zamu ya usiku, aliyekuwa akilala mchana. Alivumilia, akaomba, mwishowe akapeleka malalamiko ofisi ya mtaa. Afisa wa mtaa akaja na fomu.

"Sheria ndogo ziko wazi," alimwambia mama yake Uzi. "Kwa siku saba mtaandika kila anapobweka, saa ngapi na kwa muda gani. Jirani naye ataandika zake. Ikionekana kero haina dawa, mbwa anaondolewa."

"Anapelekwa wapi?" Uzi aliuliza.

Afisa alitazama viatu vyake. "Kwenye banda la halmashauri, mwanangu."

Alasiri mama alikuwa kazini, hivyo kalamu ilibaki kwa Uzi. Siku ya kwanza Kishindo alibweka nusu saa nzima. Uzi akaandika: Hakubweka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mkono uliandika wenyewe, kama mkono wa mtu anayeota.

Siku ya nne, mbwa alipokuwa ndiyo kwanza amenyamaza, muuguzi alibisha hodi akiwa na macho mekundu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivi huyo ni mbwa au kipaza sauti?" Uzi nusura acheke, lakini muuguzi hakucheka. "Jana kazini nilikaribia kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Mwenzangu akanishika mkono. Ni kukosa usingizi tu, mwanangu. Lakini mnaandika?"

"Tunaandika," alijibu Uzi. Kisha akakimbia ndani, akarudi na fomu. "Shangazi, nimeandika uongo. Niliogopa watamchukua."

Muuguzi aliisoma, akaketi kwenye ngazi. Kisha akatoa karatasi yake mfukoni. "Haya, kata hizo. Nakili hizi za kweli."

Uzi alinakili polepole. Saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu. Na leo pia, ilikuwa saa hiyohiyo. Kalamu ikasimama. Saa tisa na nusu ndipo babu alipokuwa akikata kona kwa baiskeli, akitoka kushona kibandani kwake.

"Shangazi," alinong'ona, "anamngoja babu."

Muuguzi alimgeukia mbwa. "Kumbe! Basi asingoje hapa. Mpeleke kibandani akaone mwenyewe."

Kesho yake, kabla ya saa ile, Uzi alimfunga Kishindo kamba, wakaenda mpaka kibandani. Mlango ulikuwa umefungwa. Mbwa alinusa kizingiti, akanusa kufuli, akajilaza juani. Uzi akaketi kando yake. Barabara ilinyamaza, na kwa kitambo alihisi kama cherehani inazunguka mahali fulani, mbali sana. Kisha Kishindo akainuka mwenyewe, wakarudi nyumbani. Siku hiyo alibweka dakika nne. Siku ya sita walienda tena, akabweka dakika moja. Siku ya saba alilala.

Afisa aliporudi, aliishika ile fomu yenye mistari mitatu iliyokatwa. "Nani kachafua?"

"Mimi. Nilidanganya, nikasahihisha. Ndipo tukajua alikuwa anamngoja babu."

Afisa akasoma mara mbili, akagonga muhuri. "Mbwa atabaki. Ungeniletea ile safi ya uongo, jirani angetoa yake, na Kishindo angeondoka bila mtu kujua kilichokuwa kikimsumbua. Uongo ulificha hata dawa yake. Ukikosa, sema mapema, ili watu wapate kukusaidia. Umenisikia?" Sauti yake ilianza kupanda. "Na wewe mbwa—"

"Polepole, bwana afisa," Uzi alimkatiza, kidole mdomoni. "Shangazi amelala."