Goti la Hannah

Asubuhi ilianza kama zote: Peris akikaanga mayai na kuimba, Hannah akitafuta soksi chini ya kochi. Hannah alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa Marekani na wazazi wenye asili ya Korea, kisha wakahamia mtaa wa Sulimaniya, Riyadh, baba yake alipopata kazi ya uhandisi. Peris, mfanyakazi wao, alitoka Nyamira, Kenya.

Siku hiyo ilikuwa mwaka mpya wa Kikorea, na Nyanya alikuwa amesafiri kutoka Korea ili asalimiwe kwa desturi: mtoto hupiga magoti mbele ya wazee na kuinama mpaka paji la uso likaribie sakafu. Lakini Carol, rafiki Mmarekani wa Hannah, alikuwa ameketi papo hapo sebuleni. Hannah aliona haya.

"Nyanya, siwezi," alisema kwa Kikorea. "Goti linauma."

Lo! Nyanya alilishughulikia goti lile kama yai. Akalibandika plasta yenye harufu ya kutoa machozi, kisha akatangaza kuwa mpira wa kikapu wa Alhamisi haupo tena. Na Hannah alikuwa amefanya mazoezi muhula mzima ili achaguliwe kwenye timu!

Carol alipoondoka, Hannah alikimbilia jikoni.

"Goti gani hilo?" Peris akamuuliza. "Si jana lilikuwa likiruka kamba?"

"Anti Peris, usiseme!"

"Sisemi. Goti lako, harufu yako."

"Carol angenicheka. Mimi ni Mmarekani!"

"Na ile kabichi ya pilipili iliyoisha jana, aliimaliza Mmarekani au Mkorea?"

Hannah akacheka bila kupenda. "Wote wawili."

"Basi waende wote wawili kwa Nyanya wakaseme ukweli."

Kesho yake Carol alikuja kumjulia hali. Hannah akakiri mbele ya wote kwamba goti halikuwa likiuma. Nyanya alishika ncha ya plasta, akaibandua kwa mara moja.

"Aai!"

"Sasa kweli linauma," Nyanya akasema.

Hannah alipiga magoti, akainama. Carol hakucheka; aliuliza kama naye anaruhusiwa kuinama.

Nyanya aliwainua wote wawili. "Mjukuu wangu, kilichoniumiza ni uwongo. Umarekani wako sikukuambia uuache mlangoni, wala Ukorea wako si aibu ya kufichwa. Yote ni yako. Alhamisi kacheze, nami nitakuja kupiga kelele."