Diski Iliyotoka Baridini

Asubuhi ya siku ya arobaini, Donka alichemsha ngano kama mama yake alivyomfundisha. Aliitandaza juu ya kitambaa ikauke, akaichanganya na lozi za kusaga, akaijaza kwenye bakuli la udongo. Juu yake alinyunyiza sukari ya unga mpaka ikawa nyeupe kama theluji iliyofunika ua nje ya dirisha. Kisha akapanga lozi nzima kwa umbo la msalaba.

Kwa watu wa Gabrovo, mji wa Bulgaria, hicho ndicho chakula cha marehemu. Anayepewa hasemi ahsante. Anakula kidogo na kusema, "Mungu amsamehe." Maneno mawili tu, ambayo hata mtoto wa chekechea anayaweza.

Donka aliyahitaji maneno hayo kutoka kinywa kimoja tu, kinywa cha Haralan.

Velko, mumewe, alikufa kwa mapafu. Miezi ya mwisho Donka alilala kando yake akiisikiliza pumzi yake: mbili fupi, kimya, kisha moja ndefu yenye mluzi ndani. Aliijua kuliko alivyoujua mlio wa kengele za kanisa. Na katika pumzi moja ya hizo ndefu, Velko alimshika mkono kwa ule mkono wake wenye kidole cha kati kifupi, kilichokatwa na mashine ya kufuma zamani za ujana, akamwambia, "Haralan. Mpe ngano. Aseme yeye mwenyewe."

Haralan ndiye aliyewasimamia walipofunga ndoa. Kwao msimamizi wa ndoa ni kama mzazi. Akikuwekea kinyongo, hata padri hana la kufanya.

Velko alikuwa amemkosea nini? Alimuua ndugu yake? Alichoma kanisa? La. Aliharibu diski.

Wazee hawa wawili waliokota kompyuta katika kiwanda cha kufuma kilichofungwa. Ilikuwa ya enzi za transista, iliyoitwa ndogo siku zile ingawa ilitosha kujaza kabati la nguo, na pembeni yake ilikuwa mashine ya diski, nzito kama ndama. Waliiweka katika karakana ya Velko uani, na kwa miaka kumi wakaifufua: huku wakibadilisha transista moja, kule wakisafisha waya mmoja, wakinywa rakiya, pombe kali ya matunda, na kubishana kama wanandoa. Diski zenyewe ni sahani za chuma zilizopangwa juu kwa juu, kubwa kama sinia, zimepakwa unga wa rangi ya kutu. Zikizunguka, vichwa vya kusomea huelea juu yake bila kugusa, kwa nafasi ambayo hata moshi wa sigara haupenyi. Kwa hiyo diski ikitoka kwenye baridi hupumzishwa ndani siku nzima mpaka ipate joto la chumba. Ikiingizwa ikiwa baridi, hutanuka vibaya, vichwa hugonga, na kila kitu kinachunika.

Velko alikuwa na haraka ya kumfurahisha rafiki yake. Aliiingiza ikiwa baridi. Ilikuwa diski ya Haralan, ya mwisho iliyobaki na kazi zote za kiwanda ndani yake.

Haralan alimwita mchinjaji mbele ya watu, akaondoka, akanuna miaka miwili. Mtu mzima mwenye mvi, aliyesoma, anayejiita mhandisi mpaka kwenye kibao cha mlango wake, alinuna kwa ajili ya sahani ya kutu. Hakuja hospitali. Hakuja mazishini, ingawa karatasi ya tanzia yenye picha ya Velko ilibandikwa hata kwenye mlango wa jengo analokaa yeye, na kila siku aliipita akienda kununua gazeti.

Lakini siku ya arobaini alikuja. Maonyesho fulani ya jijini Sofia yalikuwa yameiomba mashine.

"Ameingia mwenyewe," alisema Minka, dada yake Donka, akichungulia dirishani. "Tazama anavyotembea. Utadhani theluji inamdai radhi."

Haralan hakukung'uta viatu. Alisimama mlangoni, akatazama bakuli mikononi mwa Donka, akarudi hatua nyuma.

"Shemeji, hiyo ni sukari ya unga?"

"Ni ngano ya Velko. Karibu, msimamizi wetu. Onja, useme."

"Baadaye. Chembe moja ya hiyo ikiingia kwenye mashine, kwaheri. Hamjui nyinyi."

"Anaogopa sukari kuliko dhambi," Minka alinong'ona kwa sauti ya kusikika.

Haralan alijifanya hasikii. Alirudi kwenye gari lake, akafungua buti, akatoa diski tupu ndani ya kifuniko chake cha plastiki. Alivaa glavu nyeupe ili aibebe. Mikono iliyokosa nafasi ya kubeba jeneza ilipata nafasi ya kuvaa glavu.

Ndani ya karakana, Velko alikuwa ameacha diski nyingine juu ya meza, imefungwa kwa fulana safi. Aliitafuta miaka miwili, mpaka akaipata kwa mzee mmoja wa Plovdiv, akauza baiskeli yake ainunue. Alikuwa amepanga kumpa Haralan mkononi.

"Alikutafutia hii," Donka alisema.

Haralan aliifunua kwa ncha ya kidole, akaifunika tena. "Takataka. Siwezi kuamini kitu kilichoshikwa na mchinjaji."

Donka aliona ukungu umeganda juu ya kifuniko cha diski aliyokuja nayo Haralan, ukungu mzito, kama miwani ya mtu aliyeingia ndani kutoka baridini. Gari la mizigo la kwenda Sofia lilikuwa njiani, na mhandisi alitaka kuijaribu mashine kabla haijapakiwa. Alikuwa na haraka. Donka aliuona ukungu ule, akauelewa, akafunga mdomo wake.

Alinyoosha bakuli mara nyingine. "Kijiko kimoja tu, Haralan. Leo ni arobaini. Leo roho yake inaondoka."

"Shemeji, acha ushirikina. Velko amekufa, basi. Hafahamu kama nimekula au sikula. Lifunike hilo bakuli uliweke mbali, tafadhali, kabla hujaniharibia kazi."

Donka alilifunika kwa kitambaa, akakikaza kwa mafundo pande zote, akaliweka kwenye rafu kando ya mlango. Haralan alifungua mashine, akaishusha diski mahali pake, akaikaza kwa skurubu, akafunga kifuniko na kukaza kufuli zake. Akabonyeza swichi.

Ilikuwa adhuhuri. Jua lilimetameta juu ya theluji.

Mashine ilianza kwa mngurumo mzito, kisha mluzi ukapanda polepole kama kawaida yake. Haralan alitabasamu. Alikunja mikono kifuani kama padri aliyemaliza ibada.

"Mnasikia? Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Mluzi ulifika juu. Ulitakiwa kubaki pale pale.

Ulikatika.

Ukaja mfupi. Ukaja mwingine mfupi. Kimya. Kisha mrefu, wenye kitu kinachokwaruza ndani yake.

Minka alimshika Donka kiwiko.

"Feni," Haralan alisema. "Feni imelegea."

Miwili mifupi. Kimya. Mmoja mrefu.

Donka hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameisikia pumzi hiyo usiku baada ya usiku, sikio lake likiwa juu ya kifua kilichoitoa. Midomo yake ilianza kumwomba Mama wa Mungu bila yeye kuiamuru.

Haralan alizima swichi. Taa za mashine zilizimika. Pumzi haikuzimika. Aliinama nyuma, akavuta waya, akasimama na plagi mkononi akiitazama. Mashine hizi zikikatiwa umeme hupungua mwendo, hunung'unika, husimama. Hata Minka alilijua hilo.

Haikupungua.

"Mpe anachotaka," Minka alinong'ona. "Haralan, mpe."

"Nyamazeni!" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ni mzunguko tu. Uzito wa sahani. Itasimama."

Mbili fupi.

Kimya.

Kimya kikawa kirefu. Kirefu kuliko vyote. Donka alikuwa amekisikia kimya hicho mara moja tu maishani mwake, asubuhi ya Januari, akingoja pumzi iliyofuata, na haikuja.

Safari hii ilikuja.

Ilikuja kama ukelele. Chuma juu ya chuma. Vichwa vilikuwa vimegonga. Harufu ya kuungua ilijaa karakana, na sahani zilisaga, zikasaga, kisha zikasimama ghafla kama zilizoshikwa kwa mkono.

Haralan alipiga magoti. Hakuwa akisali, alikuwa akifungua kufuli za kifuniko, maana hata wakati huo alichokililia kilikuwa diski yake. Aliinua kifuniko.

Sahani ya juu ilikuwa imechunika, unga wa rangi ya kutu umetapakaa. Lakini katikati palikuwa peupe. Sukari. Ngano iliyochemshwa, bado ina mvuke. Na juu yake lozi, moja moja, kwa umbo la msalaba.

Donka alikwenda kwenye rafu. Mafundo ya kitambaa yalikuwa vile vile alivyoyakaza. Aliyafungua moja baada ya jingine. Msalaba haukuwamo bakulini. Mahali pake palikuwa na shimo lililochotwa kwa vidole vitatu, na alama zake zilikuwa wazi ndani ya sukari.

Alama ya kidole cha kati ilikuwa fupi.

Donka alimgeukia mwanamume aliyepiga magoti. Hakumwonea huruma. "Sasa kula," alimwambia. "Useme."

Haralan alichota kutoka sahani ile ile, akala, machozi yakimtiririka. Alifungua kinywa.

"Mungu a..."

Pumzi ilimkatika. Alivuta fupi. Akavuta nyingine fupi. Kimya. Kisha ndefu, yenye mluzi ndani.

Alijaribu tena. Alijaribu mpaka gari la mizigo lilipofika, na dereva alipouliza mzigo uko wapi, Minka alimfukuza kama mtu anayefukuza kuku.

Madaktari wa Sofia wanasema mapafu ya Haralan ni mazima kabisa. Ananunua gazeti, anasema bei, anasema habari za asubuhi. Lakini kila Jumamosi ya kuwakumbuka wafu anapanda kilima mpaka kwa Donka, bila glavu, anavua kofia mlangoni, anapokea ngano na kuila yote. Kisha anajaribu. Majirani wamezoea kumcheka. Mara ya kwanza Donka naye alicheka, kicheko kikavu cha pua. Hacheki tena. Anakaa mbele yake akiitazama midomo ile, akimsukuma kwa macho, kwa sababu neno hilo moja likimalizika mumewe atakwenda zake. Halimaliziki.

Haralan akishaondoka, Donka huenda karakana. Mashine ya diski bado iko pale. Haina waya, haina diski. Aliziondoa kwa mikono yake, akamwomba padri aibariki. Ndani ya karakana maji ya ndoo huganda. Donka huweka kiganja juu ya kifuniko, na kifuniko kina joto, kama paji la uso la mgonjwa aliyelala.

Kifuniko hicho kina kidirisha kidogo cha kioo. Majira ya baridi yaliyopita kilikuwa na ukungu. Donka aliufuta kwa mkono, haukufutika.

Ulikuwa kwa ndani. Na taratibu, ulikuwa ukififia na kurudi.