Mzee wa Miaka Mitatu

Kila asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, Ndanu alikuwa na kazi moja asiyoweza kuikwepa. Alimbeba mdogo wake, Maundu, kutoka kitandani hadi kwenye kigoda karibu na jiko, kama mtu anayempeleka chifu barazani.

Maundu alikuwa na miaka mitatu tu. Alipewa jina la marehemu babu yake, na kama ilivyo desturi ya Wakamba kule Kathiani, nyanya yake, Susu Kavindu, alimwita "mume wangu". Utani huo ni mtamu, lakini Susu aliutia uzito. Kwake, mzee hatumwi wala hakimbii. Mzee huletewa chai yenye sukari tele, mayai na mandazi, kisha huulizwa kama ameshiba. Majirani nao walipita wakiyasifu mashavu yake. Maundu, mjanja kweli, alijifunza mapema kuketi na kunyoosha mkono.

Ndanu, aliyekuwa darasa la sita, hakuona ubaya wowote hadi likizo ya Agosti mwaka wa 1996. Siku moja watoto wa jirani walikuwa wakikimbizana njiani. Maundu akashuka kigodani, akawafuata. Hakufika hata langoni. Alisimama akihema, kisha akaketi vumbini.

"Ndanu, nibebe!" alilia. "Hata mimi nataka kucheza!"

"Gunia limeanguka!" wale watoto wakacheka.

Ndanu alimwinua, moyo ukimuuma. Alimpenda sana mtoto huyu. Je, angekaa hivi maisha yake yote, akitazama wenzake wakicheza?

Kesho yake alimshawishi Susu waende zahanati. Muuguzi, Sista Pauline, alimpima Maundu uzito na kumsikiliza kifua.

"Hana ugonjwa," alisema. "Lakini uzito umezidi. Mkiendelea hivi, akiwa mkubwa anaweza kusumbuliwa na moyo ama sukari. Punguzeni mandazi na sukari kwa chai. Na mumwache acheze, arukeruke, akimbie. Mtoto wa miaka hii hafai kukaa mchana kutwa."

Susu akanuna. "Sista, huyu ni mzee wangu. Nimkimbize kama mbuzi?"

Wakashika njia ya kurudi nyumbani. Ndanu, jasho likimtoka kwa uzito wa Maundu mgongoni, akauliza, "Susu, kwani babu alikuwa mtu wa kukaa?"

Susu akacheka hadi akashika kiuno. "Babu yako? Aiya! Huyo hakuwa anatulia! Siku ya ngoma alikuwa anaruka juu, anapinduka, anatua na miguu yake. Si ndiyo maana nilimpenda?"

"Sasa mbona Maundu tunamkalisha?"

Susu alisimama, akamtazama mtoto.

"Mshushe," akasema.

Jioni hiyo Susu aligeuza debe, akalipiga kama ngoma. Maundu alitikisa magoti mara mbili tatu, akachoka. Tangu siku hiyo mzee akapewa kazi: kukagua shamba pamoja na Ndanu na kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Mwanzoni alilia akidai mandazi na kubebwa, na Ndanu nusura ambebe kwa huruma. Alimshika mkono tu, wakaenda polepole. Wiki zikapita, kilio kikapungua, kicheko kikaongezeka.

Siku ya Krismasi, watoto walishindana kupanda kilima nyuma ya nyumba. Maundu alifika wa mwisho, lakini alifika, akapiga kelele za furaha hadi mbwa wakabweka.

"Mume wangu!" Susu aliita kutoka chini. "Njoo ukae, unywe chai!"

"Ngoja, Susu! Niko na kazi!" Maundu akajibu, akakimbia na wenzake.

Susu alifuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Ndanu, mwanangu," alisema, "nilidhani kumpenda mtoto ni kumlisha na kumkalisha. Kumbe nilikuwa ninamnyima miguu yake. Mtoto mdogo mpe chakula kizuri, halafu mwachie nafasi akimbie."