Swichi ya Tatu

Kimutai alipenda kujionyesha, hilo kijiji kizima cha Boito kilijua. Stima ilipofika kwao mwaka wa tisini na sita, hakutosheka na taa moja swichi moja kama watu wengine. Alimleta Gichana, fundi wa stima kutoka Bomet, akamwekea chumbani swichi mbili za taa moja: moja mlangoni, nyingine kando ya kitanda. Unawasha ukiingia, unazima ukiwa umelala. Mke wake Rebeccah alikuwa amejifungua majuzi, na Kimutai hakutaka asimamesimame na mtoto mkononi.

Alasiri moja mvua ya mawe ilileta giza juu ya mashamba ya chai. Rebeccah alikuwa kitandani ananyonyesha aliposikia swichi ikilia ka, taa ikazimika. Akabonyeza ya kitandani, ikawaka. Ka, ikazimika tena. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mlio ulitoka ukutani, katikati ya swichi zote mbili, na pamoja nao harufu ya kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kilichotoka tu kusuguliwa kwa makaa, na nyumba hiyo haikuwa na kibuyu.

Mtoto, Fancy, akaachilia titi. Tangu hapo hakunyonya. Zahanati walisema hana ugonjwa, na mbavu zake zikaonekana.

Gichana aliitwa akafungua swichi zote.

"Baba Fancy," akasema polepole, "hii taa inaendeshwa kutoka mahali patatu."

"Si uliweka mbili?"

"Niliweka mbili. Nimegonga ukuta wote. Ya tatu haiko."

Akakata waya, akatoa balbu akaiweka mezani, akaenda. Hata chai hakungoja, na Boito mtu haachi chai hivi hivi. Kabla hajafika kwenye geti, ukuta ukalia ka.

"Mlimpa jina la kizungu mkaona imeisha," Sally, mama yake Kimutai, akanong'ona. "Hamkumwita mtu."

Kwa desturi yao, mtoto akizaliwa, akina mama huyataja majina ya waliokufa; atakayemfanya apige chafya ndiye amekubali kumrudia. Kimutai alikuwa ameokoka, akakataa mambo hayo. Sasa alikaa verandani, kichwa mikononi. "Fanyeni tu," akasema.

Giza la mvua lilikuwa limejaa chumba tena. Sally akaita, "Tapkigen." Kimya. "Tabutany." Kimya, ila ile harufu ilizidi, naye Rebeccah akamkumbatia mtoto aliyekuwa mwepesi kama nguo tupu, akiomba Mungu na akiomba hao wafu pia, yeyote, mradi mtoto anyonye.

"Taprandich."

Chafya ikasikika.

"Asante," Sally akasema, machozi yakimtoka. "Amekubali."

"Mama," Rebeccah akanong'ona, "si huyu aliyepiga chafya. Imetoka ukutani."

Ka. Pale mezani balbu ikawaka, bila waya. Fancy alikuwa ameugeukia ukuta, mdomo wazi, ananyonya hewa na kumeza, mashavu yamemjaa. Rebeccah akamvuta amrudishe kifuani, naye akalia kama mtoto anayeshikwa na mgeni. Kidevuni mwake palikuwa na tone la maziwa, na maziwa hayo yalikuwa ya rangi ya majivu.