Kijiti Kilichoingia Pua Nyingine

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Redio alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kuingiza kijiti chenye pamba katika pua ya mdogo wake. Waliompa jina la Redio hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake, mwenye mwaka mmoja na mashavu ya kujaa, aliitwa Bonge.

Kazi hiyo yeye na Mama walifundishwa na mhudumu wa afya wa mtaa. Wataalamu wa maabara walitaka kujua ni virusi gani vya kifua vinavyozunguka kwa watoto wadogo. "Virusi hivi vina ukoo na ukoo, kama sisi," mhudumu alieleza. "Mtoto akishaugua kirusi cha ukoo huu, cha ukoo ule bado kinaweza kumwangusha." Mama, ambaye huwahi cherehani yake barazani alfajiri, alimwachia Redio kijiti bila wasiwasi.

Jumatatu hiyo Bonge alipokiona tu kijiti, aliangua kilio mpaka akashikwa na kwikwi. Redio akamwonea huruma. Tena alikuwa amechelewa shule, tuseme ukweli. Basi akakiingiza kijiti puani mwake mwenyewe, pua iliyochuruzika makamasi tangu Ijumaa, kisha akakitia katika kichupa chenye jina la Bonge. "Pua ni pua," alijiambia, akatoka mbio.

Alhamisi mambo yakaharibika. Bonge alikataa kunyonya, na mbavu zake zilibonyea kila alipovuta pumzi. Mama alimkimbiza hospitali, Redio akifuata nyuma na mfuko wa nepi.

Nesi alimwekea Bonge mpira mwembamba wa oksijeni puani. Daktari akatazama kompyuta yake.

"Afadhali yumo kwenye orodha ya maabara," alisema. "Majibu ya Jumatatu yametoka. Ana kirusi cha ukoo wa pili. Nesi, mpeleke chumba cha manjano, wenzake wako humo."

"Si mumweke hapa karibu, daktari?" Mama aliuliza.

"Hapa wako wenye ukoo wa kwanza, mama. Tukiwachanganya wataambukizana. Mtoto mwenye kifua kama hiki akiongezewa kirusi kingine, anaweza kutushinda."

Kitanda cha magurudumu kilianza kusukumwa. Redio alimtazama Mama, akaogopa. Akisema, Mama atajua kwamba alimdanganya. Asiposema, Bonge ataingizwa mle. Kitanda kilipita dawati la nesi, kikapita sinki, na nesi akanyoosha mkono kufungua mlango.

"Msimwingize!" Redio alipiga kelele. "Ile haikuwa pua yake! Ilikuwa yangu! Jumatatu nilijipima mimi!"

Nesi akabaki ameshika mlango. Mama aligeuka taratibu. "Unasema nini wewe?"

"Alikuwa analia sana, Mama. Nikaweka makamasi yangu."

Daktari hakupoteza muda kugomba. "Rudisha kitanda. Lete kijiti kipya."

Redio mwenyewe ndiye aliyemshika Bonge kichwa. Bonge alipiga mayowe, lakini Redio hakumwachia. Kisha wakasubiri ukumbini saa nzima, Mama ameketi katikati ya benchi, Redio amesimama ukutani.

Majibu yalipotoka, daktari alitikisa kichwa. "Ukoo wa kwanza. Wewe na mdogo wako mnalala chumba kimoja, lakini kila mmoja na kirusi chake. Angeingia mle, angepata cha pili na kuwapa wenzake cha kwanza."

Bonge akapelekwa chumba kilichomfaa. Siku ya tatu pumzi zake zilitulia, akanyonya mpaka akasinzia. Hapo ndipo Mama alipomwita Redio.

"Nilimwonea huruma, Mama. Nisamehe."

"Najua. Lakini huruma ya uongo nusura inizikie mtoto. Ukimpenda, mshike, alie, yaishe, kisha upeleke kilicho cha kweli. Na siku ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama nimenuna. Nikinuna, nitanunua. Lakini Bonge hanunuliwi."

"Utanunua nini, Mama?" Redio aliuliza huku akifuta machozi.

"Uso mwingine, wa kucheka," Mama alijibu, akasogea kwenye benchi ili Redio apate pa kukaa.