Nusu Iliyofungwa Kitambaani

"Hii pete imefuata nini kwenye koti lako la kijivu?"

Smadar aliacha kuchambua mchele. Mama yake, Habiba, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, koti mkono mmoja, pete mkono wa pili. Juma zima mama huyo alikuwa akikung'uta kila mfuko wa nguo katika nyumba yao ya Ramat Gan, akisaka makombo ya mkate, maana Pasaka ya Kiyahudi haikai nyumba moja na chachu.

"Si ulituambia umeitupa mto Yarkon?"

"Nilisahau."

"Ulisahau kuitupa. Mwaka mzima."

"Mama, mchele wa Pasaka huchambuliwa mara tatu, nami nimeuchambua mara mbili tu. Niache nimalize."

Habiba akairudisha pete mfukoni mwa koti, akaenda kulitundika.

Simu ikaita mlio wa ujumbe. Alikuwa Gilad, fundi lifti wa Givatayim, mji wa jirani, yule aliyekuwa mchumba wake.

"Babako haendi bila magongo. Nani atabeba nusu ya mkate mwaka huu?"

Akamjibu: "Haikuhusu."

"Nilikosa, Smadar. Naomba kiti kimoja, hata cha pembeni."

Akaizima simu. Jua lilikuwa linazama na sikukuu inaingia, na siku hiyo simu wala gari havishikwi, kwa hiyo alikuwa na kisingizio kizuri.

Kosa lenyewe lilitokea Pasaka iliyopita. Kila mwaka, mwanzoni mwa karamu, baba yake Smadar, Baba Sasson, huvunja mkate usiotiwa chachu vipande viwili. Nusu hubaki mezani. Nusu hufungwa kitambaani, ikabebwa begani na mtu anayetoka nje na kubisha hodi, kisha kuulizwa maswali mlangoni kama msafiri atokaye Misri, vile vile walivyofanya wazee wao Baghdad. Baada ya hapo kitambaa hufichwa, na nusu hiyo ndiyo tonge la mwisho la usiku. Kwao Gilad huo ni mchezo wa watoto; ikipotea, unachukua nyingine kwenye boksi. Basi njaa ikamshika, na wakamkuta roshani anaitafuna, tena ameipaka jamu.

Wenyeji walipoduwaa, akacheka. "Si mkate mkavu tu? Dukani umejaa."

Smadar akamfokea hadi nje, na uchumba ukaishia kwenye ngazi.

Usiku ulipoingia walikuwa wanne mezani: baba na magongo yake, mama, Smadar, na Shangazi Klara, ambaye hajawahi kukosa la kusema.

"Baba, mwaka huu tuache mambo ya msafiri," Smadar alisema. "Mguu wako haukuruhusu."

"Nimebeba miaka arobaini, leo tuache? Habiba, shika."

Akavunja mkate, akaifunga nusu, akampa mkewe. Habiba akatoka nayo. Kwenye ngazi ukasikika mnong'ono, kisha akarudi mikono mitupu, akaketi na kujirekebishia kilemba.

"Mama, umempa nani?"

"Msafiri."

Mlango ukagongwa mara tatu.

"Mwaka huu uliza wewe," baba yake alimwambia. "Maneno unayajua tangu ukiwa mdogo."

Smadar akasogea mlangoni.

"Nani?"

"Msafiri."

Sauti aliijua. Angeweza kurudi kukaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akabaki pale pale.

"Unatoka wapi?"

"Misri."

"Givatayim imehamia Misri lini?" Klara aliuliza, wakamnyamazisha.

"Unakwenda wapi?"

"Yerusalemu."

"Umebeba nini?"

Hapo jibu linajulikana: mkate usiotiwa chachu. Gilad hakulitoa.

"Nusu," alisema. "Mwaka jana niliila bila kuuliza inawekewa nini. Nilikuja kumuuliza babako alipokuwa hospitali."

Smadar akageuka. "Hospitali?"

"Kila Jumanne," Baba Sasson alisema. "Mara ya kwanza alikuja na jamu, kuniomba radhi. Nikacheka mpaka nesi akanifokea."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza. Hata hili la nusu hujawahi kuniuliza, na umekaa meza hii miaka thelathini."

Ilikuwa kweli. Alivunja uchumba kwa ajili ya kitu ambacho mwenyewe hakujua maana yake.

"Basi inawekewa nini?" aliuliza taratibu.

"Mtumwa anakula vyote leo, maana kesho si yake. Anayeweka nusu ameshaamini kwamba kuna baadaye. Babangu alinieleza hivyo mwaka tulipofika hapa, na mkate wenyewe ulikuwa mmoja."

Smadar aliwaza koti la kijivu. Akafungua mlango. Gilad alikuwa amesimama na shati jeupe, kitambaa begani, jasho usoni.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kutoka Givatayim. Ningewasha gari leo, Shangazi Klara angenichoma."

"Ningekuchoma kwa uma," Klara alikubali. "Ingia, supu inapoa."

Wakasoma habari za kutoka Misri, wakanywa divai, wakala majani machungu na asali ya tende yenye kokwa za jozi, wakala wali. Gilad hakukishusha kitambaa begani hata akila. Ilipofika saa ya tonge la mwisho, baba akanyoosha mkono.

"Aliyeishika nusu ataje anachotaka, kisha aturudishie. Ndiyo desturi."

Gilad akafungua mdomo. Smadar akakivuta kitambaa begani mwake.

"Sasa ninayo mimi. Nami ninataka kitu kimoja. Usilolijua, uliza kwanza."

"Nitauliza."

"Basi uliza."

Gilad alielewa. "Utaolewa na mimi?"

"Pete iko kwenye koti la kijivu."

"Si uliitupa mto Yarkon?"

"Niliiweka."

Habiba alikuwa ameshasimama kwenda kulifuata koti. Baba Sasson alikohoa. "Harusi baada ya majuma saba yanayofuata Pasaka. Kabla ya hapo, kwa desturi yetu, hatuozeshi mtu."

"Nitasubiri, mzee," Gilad alisema.

Smadar akafungua kitambaa, akaivunja nusu, akampa kipande chake mkononi.

"Kula," alimwambia. "Na usiombe jamu."