Mafuta Yaliyozidi

Mgeni aliingia gerejini kwa miguu, na jambo hilo lilimshangaza Spana. Watu huja gereji wakiwa ndani ya gari, au wakilisukuma gari huku wakilitukana. Huyu alikuja mikono mitupu, kijana mrefu mwenye vipande vya nywele vilivyonasa kwenye mikunjo ya shati.

"Fundi yupo?" aliuliza.

"Mjomba ametoka. Amekwenda kutafuta beringi, lakini atarudi muda si mrefu. Karibu ukae."

Spana alikuwa amechuchumaa sakafuni akichambua nati na boliti kutoka kwenye kopo, nzima huku, zilizoliwa na kutu kule. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila Jumamosi baada ya kumsaidia mama yake kufagia nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa ukuta. Alikuwa darasa la sita, na jina la Spana alipewa na wateja kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa akimfuata mjomba wake na spana mkononi, hata anapokwenda kula.

Kijana hakukaa. "Mimi na bibi yangu tumelala hapo kwa mama yako," alisema. "Mimi ni kinyozi, tumetoka mbali. Leo bibi anapasuliwa jicho kwenye hospitali ya kule mlimani, na wamesema tufike kabla ya saa sita. Tukichelewa, zamu inayofuata ni baada ya miezi mingi. Jicho moja limeshazimika, na hili lililobaki nalo linafifia. Sasa asubuhi nimekuta matone mekundu chini ya gari."

"Hayo ni mafuta ya giaboksi," alisema Spana upesi. "Gari lako ni otomatiki?"

"Ndiyo. Unaweza kuliangalia?"

Mjomba alikuwa ameacha maagizo yaleyale anayoyaacha kila anapotoka: mteja mkaribishe, boneti usifungue. Tena alikuwa ameongeza, "Siku utakapogusa gari la mtu bila mimi, hutashika gari lolote hadi muhula uishe." Na mjomba hakuwa mtu wa kurudisha maneno yake nyuma.

"Tumsubiri mjomba," alisema.

Kinyozi alitazama barabarani, akatazama kopo la nati, akatabasamu kidogo. "Basi. Nilidhani wewe ni fundi, kumbe ni mchambua nati."

Hakuwa na ubaya, lakini maneno yale yalimchoma Spana kama cheche ya kulehemu. Alisimama, akajifuta mikono kwenye gauni. "Lilete hapa," alisema.

Kinyozi alilitoa gari kwa mama yake Spana, akalizungusha ukuta na kulisimamisha kwenye saruji. Ulikuwa mwendo wa kufumba na kufumbua, na injini ilikuwa bado baridi kama jiwe la mtoni.

Spana alijua jinsi mjomba anavyopima mafuta ya giaboksi. Kwanza hulizungusha gari mtaani mpaka lipate moto sawasawa. Kisha hulisimamisha mahali tambarare, injini ikinguruma, anakanyaga breki na kuipitisha gia polepole kila mahali, mpaka inarudi kwenye P, ya kuegesha. Hapo ndipo anachomoa kijiti cha kupimia, anakifuta kwa kitambaa safi, anakirudisha na kukichomoa tena. "Mafuta haya yana tabia ya maziwa jikoni," mjomba hupenda kusema. "Yakipata moto yanapanda."

Lakini kuzunguka mtaani kungechukua muda, na mjomba angeweza kutokea wakati wowote. Spana alimwambia kinyozi awashe injini tu. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakichovya tena. Mafuta mekundu yalikuwa chini kabisa, mbali na alama ya juu. Alichukua kopo la mafuta rafuni, akachomeka faneli, akaanza kumimina. Alipima, akaongeza. Alipima tena, akaongeza tena, mpaka mafuta yakagusa alama ya juu. Alijiona fundi kamili.

"Nilisikia yanapimwa gari likiwa na moto," alisema kinyozi.

"Ya aina hii yanapimwa baridi," alijibu Spana bila kupepesa macho.

Alipokuwa akikifuta kijiti kwa mara ya mwisho ndipo alipokitazama vizuri. Kilikuwa na alama mbili chini na alama mbili juu. Za chini zilikuwa za gari baridi. Za juu zilikuwa za gari lenye moto. Mafuta yalikuwa yametosha tangu mwanzo, au yalipungua kijiko tu, na yeye alikuwa amejaza karibu kopo zima.

Alifungua mdomo ili aseme, lakini mama yake alikuwa ameshafika, amemshika mkono bibi mmoja mwembamba aliyefunikwa jicho lililozimika kwa kitambaa cheupe.

"Afadhali upo," mama alimwambia. "Panda nao uwaonyeshe njia, lile geti la wagonjwa limejificha. Gereji nitaitazama mimi. Mjomba wako yupo njiani, amenipigia simu."

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Bibi atachelewa."

Mlango wa nyuma ulifungwa, na Spana akajikuta kwenye kiti pamoja na bibi.

"Usihangaike na kitasa, mwanangu," alisema bibi. "Milango hii ya nyuma inafunguliwa kwa nje tu. Vioo navyo vimekwama. Gari la mjukuu wangu ni kama gereza, tofauti yake gerezani wanakupa chakula."

Kinyozi alicheka.

Barabara ya tambarare waliipita salama. Kila walipopita duka au kona, Spana alijiambia, hapa nitasema, na kona ikabaki nyuma kabla hajasema. Ndani mlikuwa na joto la kufungiwa, na harufu ya dawa za kupaka nywele. Bibi alimshika mkono, akawa anamweleza jinsi anavyotaka, kitambaa kikiondolewa baada ya upasuaji, amwone kitukuu wake ambaye hajawahi kumwona sura. "Nimempakata tu," alisema. "Namjua kwa uzito."

Kisha mlima ukaanza. Kinyozi alikanyaga mafuta, injini ikalia kwa nguvu, lakini gari likawa linakwenda polepole kama linaloota. Gia iliteleza, ikashika kwa kishindo, ikateleza tena. Harufu ya kuungua ikapenya ndani. Nyuma yao lori lilipiga honi, na nyuma ya lori honi nyingine.

"Ni nini tena?" alisema kinyozi. "Na mafuta tumeongeza."

Alilipeleka gari pembeni, wakasimama. Moshi mwepesi ulitoka chini ya boneti. Kundi la wavulana waliotoka kucheza mpira lilipita, na mmoja wao alikuwa Domo, anayekaa dawati la mbele ya Spana. Alibandika uso kwenye kioo.

"Spana," alisema, sauti ikija kwa mbali kupitia kioo, "unatengeneza gari kwa kulikalia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Spana hakuweza kushusha kioo, hakuweza kufungua mlango, hakuweza hata kugeuza uso, maana upande wa pili alikuwa bibi.

Kinyozi alipiga usukani kwa kiganja. "Fundi wenu ana jina kubwa bure. Atakuwa anauza mafuta mabovu. Sasa hivi nitapiga resi mpaka lipande, liwe liwalo. Bibi, shikilia."

Spana alijua kitakachotokea. Mafuta yaliyozidi yalikuwa yakipigwapigwa humo ndani mpaka yametoa povu, na povu haliwezi kushika gia. Gari likilazimishwa, giaboksi itaungua, na hapo hakuna hospitali, hakuna jicho. Kinyozi alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedali.

"Kaka, usikanyage," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mafuta si mabovu. Ni mimi. Nilipima gari likiwa baridi, nikajaza hadi alama ya moto. Nilipogundua, nilishindwa kusema. Na ile ya kwamba yanapimwa baridi nilikudanganya. Mjomba hakuniruhusu hata kufungua boneti."

Kinyozi alizima injini. Kisha akachukua simu, akampigia mama yake Spana, akaeleza mahali walipo na kwamba mafuta ya giaboksi yamezidi.

Bibi hakuuachia mkono wa Spana.

"Nimekuharibia siku yako, bibi."

"Bado haijaharibika. Ingeharibika kama ungenyamaza."

Kinyozi alishusha pumzi. Hasira ilikuwa imempungua, labda kwa sababu alikumbuka yale maneno ya mchambua nati. "Sikiliza," alisema. "Mjomba wako akija nitamwambia nilijitilia mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuchokoza. Hakuna haja ya wewe kuingia matatani."

"Wewe sema lako," bibi alimwambia mjukuu wake. Kisha akamgeukia Spana, ingawa jicho lake halikumwona vizuri. "Lakini wewe, mama, niahidi kitu. Utamwambia mjomba wako kwa mdomo wako, leo hii."

"Nitamwambia, bibi."

Mjomba alifika kwa pikipiki ya kukodi, amebeba pampu ya mkono na kidumu kitupu. Alimfungulia Spana mlango, akamwamkia bibi, akaenda moja kwa moja kwenye boneti. Alipochomoa kijiti, mafuta yalikuwa yamepita alama zote, yamejaa mapovu kama maji ya sabuni.

"Nani amelijaza hivi?"

"Mimi, fundi," alisema kinyozi. "Nilijitilia."

"Nyinyi wenye magari," mjomba alinung'unika, na tayari alikuwa amechomeka mpira wa pampu. "Mnalinywesha gari kana kwamba ni ng'ombe. Spana, shika kidumu hapa, muda unatubana."

Spana alishika kidumu. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini jua lilikuwa limepanda na kila mtu alikuwa anaangalia saa. Mjomba alivuta mafuta kidogo kidogo. Walilisogeza gari mahali tambarare, wakaliwasha, wakasubiri povu litulie. Mjomba akaipitisha gia kila mahali polepole, akapima. Akavuta tena kidogo, akapima tena, mpaka mafuta yakasimama sawasawa katikati ya alama za juu. Akainama kuangalia matone, akasema ni sili, mpira mdogo wa kuzuia mafuta, uliochoka, hauwezi kumzuia mtu kufika hospitali.

Mjomba aliingia nao, na gari likapanda mlima bila kelele. Muuguzi alikuwa mlangoni akiita majina, na jina la bibi lilikuwa bado halijapitwa. Bibi alimminya Spana vidole, akaingia ndani akiwa ameshikwa mkono.

Pikipiki ilikuwa imeshaondoka. Mjomba na Spana walishuka mlima kwa miguu, mmoja na pampu, mwingine na kidumu.

"Kinyozi ameniambia ulimzuia asipige resi," alisema mjomba. "Umeokoa giaboksi, mwanangu. Umejuaje?"

Spana alihamishia kidumu mkono wa pili.

"Una sikio la fundi, sasa nimeamini. Leo jioni nashusha giaboksi ya lile gari jeupe. Nilikuwa nasema bado mdogo, lakini leo utaifungua wewe. Mimi nitakaa pembeni nikushikie taa."

Spana alikuwa ameiota siku hiyo tangu alipojua kushika bisibisi. Bibi alikuwa chumba cha upasuaji. Kinyozi alikuwa ameshasema lake. Mjomba alikuwa ameshaamini. Kila mtu alikuwa amemfungulia njia ya kupona, na kila njia ilipita juu ya uongo mwingine. Kidumu kilikuwa kizito, kifua kilikuwa kizito zaidi. Alikiweka kidumu chini.

"Mjomba, kinyozi hakujitilia. Nilijaza mimi." Akamweleza yote: boneti, alama, uongo, na jinsi alivyopanda gari akijua.

Mjomba alisimama, akamgeukia.

"Kwa nini unaniambia sasa, wakati nimeshakusifu?"

"Nilimwahidi bibi."

"Nilisema nini kuhusu kugusa gari la mtu bila mimi?"

"Hadi muhula uishe."

"Basi ni hadi muhula uishe. Na giaboksi ya gari jeupe nitaifungua peke yangu."

"Ndiyo, mjomba." Machozi yalimtoka, lakini alishangaa kuona anapumua vizuri.

Mjomba alikiokota kidumu mwenyewe. "Sikia nikwambie," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Mafuta uliyozidisha nimeyatoa kwa pampu. Kosa la mkono lina dawa, hata mimi nakosea. Uongo hauna pampu. Anautoa yuleyule aliyeuweka, na ukikaa humo unaunguza kila kitu huku watu wanalaumu mafuta. Mtu anampa fundi gari lake kwa sababu anaamini neno lake. Kufungua giaboksi nitakufundisha muhula ukiisha. Kusema kweli umejifundisha leo, na hilo ndilo nisingeweza kukufundisha."

Jioni Spana alikaa kwa mama yake akikunja mashuka ya wageni. Upande wa pili wa ukuta alisikia winchi ikilia na giaboksi ya gari jeupe ikishuka taratibu mpaka kwenye saruji. Kisha akasikia spana ya kwanza ikilegeza boliti. Alitega sikio kidogo, akavuta shuka jingine, akaendelea kukunja.